Msaidizi wa Bosi

Mama Bosi alikuwa msusi, na msusi wa kweli ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kumwacha mtu atoke mikononi mwake akiwa ovyo ovyo. Mteja aje na nywele zilizokatika, aje na kipara cha pembeni, aje na kovu la moto utosini, akiinuka pale kitini atainuka amependeza. Mama Bosi atazivuta za nyuma zifunike za mbele, atazungusha rasta zifiche kovu, na ukimuuliza kulikuwa na nini chini yake atakuambia hakuna kitu. Ndiyo kazi iliyomlisha. Na ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kumtokea puani, maana ofisi ya elimu haikuwa na haja ya mtoto aliyependeza.

Bosi alikuwa bintiye wa pekee, mwanafunzi wa darasa la tatu, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya kukaa katikati ya saluni na kuamrisha kila mtu. Siku ya kuzaliwa alichelewa kulia, na kuchelewa huko kukamletea mtindio wa ubongo. Miguu ikakataa kabisa, mkono wa kushoto ukajikunja kifuani, wa kulia ukawa unafanya kazi ukipenda wenyewe, na ulimi ukawa mzito. Akili haikuguswa. Kiti chake cha magurudumu kiliundwa na baba yake, fundi wa kuchomelea, kwa mabomba ya chuma na mkanda wa begi kuukuu wa kumfunga kifuani asiteleze. Maneno yake yalitoka yamepondeka, na mtu wa kuyaelewa yote alikuwa mama yake peke yake. Baba aliambulia nusu. Wengine walitabasamu tu, kama watu wanaosikiliza redio ya nchi nyingine.

Basi mama akawa mkalimani, tena mkalimani asiye na haya. Kulikuwa na mteja aliyependa kubanwa nywele mpaka macho yavutike, na siku alipouliza mtoto anasemaje, Mama Bosi alimjibu bila kupepesa, "Anasema ukizidi kubana hivyo, mwakani paji la uso litafika kisogoni." Saluni nzima ikaangua kicheko. Bosi alicheka kuliko wote, mpaka udenda ukamdondoka, na mama akampangusa kwa pindo la aproni huku akiendelea kusuka kwa mkono mmoja.

Darasa la kwanza na la pili hayakuwa na shida, kwa sababu mwalimu wao alikuwa mama mtu mzima mwenye moyo, aliyempeleka Bosi chooni, akamnywesha maji, akamwandikia hesabu ambazo mtoto alizitaja kwa vidole. Kisha mwalimu huyo akastaafu, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba shule haikuwa na mpango wowote wa Bosi; ilikuwa na mama mmoja tu mwenye huruma. Darasa la tatu lilikuwa na mwalimu kijana wa kiume na watoto waliobanana mpaka dirishani. Kijana wa watu alisema wazi kwamba yeye hawezi kumpeleka mtoto wa kike chooni, na katika hilo huwezi kumlaumu.

Mwalimu mkuu naye hakuwa mtu mbaya, ingawa kusema hivyo ni kwa shingo upande. Alimweka Mama Bosi kitini, akamtolea soda, akamweleza kwamba ofisi ya elimu huwa inatoa wasaidizi wa darasani kwa watoto kama hawa, ila mpaka mtoto afanyiwe tathmini. Akipata msaidizi, atasoma hapo hapo na wenzake. Akikosa, kuna kituo cha bweni, mbali, safari ya kutwa nzima, ambako watoto wa aina hiyo wanatunzwa. Alisema "wanatunzwa", hakusema wanasoma, na Mama Bosi alilisikia neno hilo vizuri. Kituo hicho alikuwa amewahi kukisikia kutoka kwa mteja aliyefua mashuka huko. Watoto walilazwa wakiwa wametazama ukuta, na hakuna aliyejua wanachosema kwa sababu hakuna aliyekuwa na muda wa kujua.

Akatoka pale amekata shauri kwamba mwanawe haendi, liwalo na liwe.

Mtathmini angekuja nyumbani. Mama Bosi akajiandaa kwa njia pekee aliyoijua. Alimsuka mtoto mistari midogo midogo iliyokutana utosini, akamshonea gauni lenye kola, akafunika kiti cha chuma kwa kitambaa kipya ili welding ya baba isionekane. Na zaidi ya hayo, alimfundisha. Kila jioni baada ya kufunga saluni aliweka kikombe cha maji mezani, akaushika mkono wa kulia wa Bosi, wakarudia: nyoosha, shika, bana, leta polepole. Mwanzoni maji yaliwalowesha wote wawili. Mtoto hakukata tamaa, kwa kuwa alikuwa mkaidi kama mama yake, na jioni moja kikombe kikafika mdomoni bila kumwagika. Baba aliyekuwa akila akaacha kula. Mama akalia machozi ya furaha, akaita majirani waje waone.

Mtathmini alikuwa kijana mpole mwenye mkoba wa shanga, kadi na vikombe. Bosi alimtoa mama yake kimasomaso. Alisalimia, alizihesabu shanga, alichagua kadi, na alipopewa kikombe alikinywa chote akakirudisha mezani, kisha akatazama huku na huku kama msanii anayengoja makofi. Alipoulizwa kuhusu choo, mama ndiye aliyejibu, na alijibu kisusi.

"Akitaka kwenda anasema," alisema. "Hana shida."

Ni kweli alikuwa anasema. Ila aliyeelewa alikuwa mtu mmoja duniani, na mtu huyo asingekuwepo darasani. Mama Bosi hakuliongeza hilo. Alikuwa amefunika kovu tena, bila hata kujua kwamba amelifunika. Kijana akampongeza kwa malezi mema, akasema kazini kwao hawaoni wazazi wengi wa namna hii, akaaga.

Jibu lilipokuja lilisema mtoto anajimudu vya kutosha na hahitaji msaidizi.

Bosi akaendelea kwenda shule bila mtu. Siku ya kwanza alivumilia. Siku zilizofuata aliinua mkono akasema anachotaka, mwalimu akadhani anajibu swali, akamwambia vizuri sana, aketi, na yeye alikuwa ameketi tangu asubuhi. Akajikojolea mbele ya darasa. Watoto wakaziba pua, wengine wakavuta madawati yao kando, na akabaki na ule mkojo mpaka kengele ya mwisho. Mama alipomkuta, mapaja yalikuwa yamechubuka chini ya gauni la kola.

Baada ya hapo Bosi akagoma kunywa maji asubuhi. Alifunga mdomo, akageuza uso, na hakuna aliyemlazimisha kwa kuwa kila mtu nyumbani alijua sababu. Haikupita muda akaugua homa, daktari akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo, maji yamempungukia mwilini. Mwalimu mkuu akamwita mama, safari hii bila soda. Akasema mtoto akae nyumbani hadi msaidizi apatikane, na kama hatapatikana ifikapo muhula mpya, itabidi jina lake lipelekwe kituoni, kwa sababu shule haitaki lawama.

Hapo ndipo Mama Bosi alipoivalia njuga ofisi ya elimu. Alifunga saluni asubuhi, akamsukuma Bosi mpaka kwenye jengo lake lenye ngazi nyingi, ambamo ofisi ya wasaidizi wa walemavu iko ghorofa ya pili. Hakuna aliyeliona hilo kuwa kichekesho ila Bosi, na mama yake alipomtafsiria mlinzi maneno yake, mlinzi hakucheka, lakini walau alishika upande mmoja wa kiti wakapanda. Huko juu walipigwa danadana. Huyu yuko kikaoni, yule yuko likizo, aliyeshika jambo lako ametoka sasa hivi. Mwishowe wakapokea rufaa yake, wakamwambia angoje siku ya kuitwa. Kijana mpole wa shanga alipokutana nao ukumbini aliinamisha kichwa akapita.

Kwenye benchi la ukumbini alikuwepo mama mmoja mnene, mwenye mwanawe asiyeona, ambaye alikuwa amezoea ofisi zile kuliko wafagiaji wake. Alimtazama Bosi na misuko yake, akatazama kola, akaguna. Alimuuliza Mama Bosi kama tathmini ya kwanza alimpamba hivi hivi. Aliposikia ndiyo, akamsogelea.

"Shoga, hapa hukuja harusini," alisema. "Hawa hawampi mtu msaada kwa anachoweza. Wanampa kwa asichoweza. Rufaa yako ikisikilizwa mlete jinsi alivyoamka, na useme kila kitu, hata kile unachoona aibu kumwambia mumeo."

Mama Bosi akasema mtoto anasikia.

"Wa kwangu pia alisikia," yule mama akajibu, akageukia upande wa pili.

Nyumbani aliliweka jambo hilo mbele ya mumewe. Fundi hakuinua sauti, kwa kuwa si mtu wa kupayuka, lakini alisukuma sahani. Alisema yeye hatakwenda kukaa mbele ya watu akimtangaza mwanawe kama mzigo. Mke akamuuliza kama yuko tayari kwenda kumwacha kwenye kile kituo na kurudi peke yake. Fundi akatoka nje, akashughulika na gurudumu la kiti ambalo halikuwa na ubovu wowote. Kwa hiyo jambo hilo likabaki juu ya mama, kama mambo mengi ya Bosi yalivyokuwa.

Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi ya rufaa aliifumua misuko yote. Bosi akauliza wanasuka mtindo gani mpya. Mama akasema leo hakuna mtindo. Alimvika gauni la kulalia lililopauka, akamwacha bila kile kitambaa cha kifuani cha kukinga udenda, na kila alipoona tone linateremka mkono wake uliinuka kupangusa, akaurudisha. Akamwambia mtoto, "Leo usijikaze. Kaa tu."

Bosi akataka kujua kwa nini. Mama akajifanya anatafuta funguo.

Kamati ilikuwa ya watu watatu nyuma ya meza ndefu: mwenyekiti, aliyekuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba; mtaalamu wa viungo; na mwandishi wa kikao aliyekuwa akipiga miayo. Mama Bosi aliomba mtoto angoje nje. Mwenyekiti akakataa kwa upole, akasema kamati lazima imwone mhusika mwenyewe. Basi akajikaza kisabuni, akaanza.

Alisema mtoto hawezi kusimama. Hawezi kujivua nguo, hawezi kujisafisha, anajikojolea darasani. Alisema anatoa udenda mchana kutwa, kwamba wenzake wanamkimbia kwa harufu, kwamba chakula kinamrudi puani. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja alilowahi kulitamka kwa sauti. Aliposema aliona kichwa cha mwanawe kikiinama, na akaendelea, kwa sababu mwenyekiti alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa huruma na mwandishi ameacha kupiga miayo. Alikuwa anawaona wanaingia mkononi mwake kama alivyozoea kumwona mteja akitazama kioo na kukubali.

Mwenyekiti akauliza, "Na ukimwambia kitu, anaelewa?"

Kuna mahali pa kusimama, na alipajua. Akapapita.

"Haelewi sana," alisema.

Bosi akainua uso. Akafungua mdomo, akalisukuma neno lake kwa nguvu zote mpaka shingo ikamsimama mishipa. Alisema, "Naelewa."

"Anasemaje?" mwenyekiti akauliza.

"Si neno," mama akasema. "Ni sauti tu, huwa anaitoa."

Mwandishi akaandika. Mtaalamu wa viungo, labda kwa kutaka kuhakikisha tu, akajaza kikombe maji na kukiweka ukingoni mwa meza, upande wa mkono wa kulia wa mtoto. Macho ya Bosi yakawaka. Sasa alikuwa amepata la kuwaonyesha. Akanyoosha mkono, akatanua vidole, na mama aliyekuwa amezirudia hatua zile kila jioni alijua kabisa kwamba safari hii atakishika. Alijua pia kitakachofuata: pongezi, malezi mema, mtoto anajimudu, kituo.

"Ngoja nikusaidie, mwanangu," alisema, akakisogeza kikombe upande wa kushoto.

Mkono wa kulia ukapita patupu, ukayumba kushoto, ukagonga kikombe kwa kitako cha kiganja. Maji yakamwagikia gauni lililopauka yakashuka mpaka miguuni. Bosi hakulia. Alimtazama mama yake, muda mrefu, na katika miaka yote ya kumtafsiri mtoto huyo Mama Bosi hakuwahi kuelewa kitu haraka namna ile.

Walimpa msaidizi siku hiyo hiyo. Mwenyekiti alimshika mkono, akamwambia ni mama jasiri. Akaongeza jambo moja, kwamba wasaidizi ni wachache mno, na kila mwisho wa muhula wakaguzi watapita darasani. Watakapoona mtoto ameanza kujimudu, msaidizi atahamishiwa kwa mwingine mwenye shida zaidi. Mama Bosi akashukuru, akashukuru tena, akamsukuma mwanawe wakatoka.

Nyumbani, wakati anamvua lile gauni lililolowa, alimwambia kwamba ilibidi. Bosi akasema, "Ulisema si neno." Mama akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya saruji, akaficha uso kwenye miguu ya mwanawe isiyokuwa na nguvu ya kumsukuma, akalia kwa aibu kama mtu aliyefumaniwa. Angerudishwa kwenye kile chumba kesho, angesema vile vile.

Kwa muda Bosi alinyamaza saluni. Wateja wakatania kwamba Bosi amestaafu, kisha utani ukawaishia.

Msaidizi aliyeletwa alikuwa binti mrefu, mcheshi, mwenye kiatu kinacholia njiani kote. Mama Bosi alikuwa amejiandaa kumchukia akashindwa. Binti huyo alimpeleka mtoto chooni kwa wakati, akamnywesha, akamtetea darasani, na kabla muhula haujafika nusu alikuwa ameanza kumwelewa. Alianza na neno moja moja, halafu sentensi, halafu siku moja akaja saluni akicheka peke yake kwa jambo ambalo Bosi alikuwa amesema kuhusu suruali ya mwalimu. Mtoto akaanza tena kuamrisha watu. Akanenepa kidogo. Baba yake akaanza kupiga mluzi akiwa kazini. Mama Bosi akathubutu kuamini kwamba alichokifanya kile chumbani kilikuwa kimekwisha.

Muhula ukielekea ukingoni, alikuwa anamsuka mteja kando ya dirisha aliposikia kile kiatu kinakuja mbio, na magurudumu pamoja nacho. Msaidizi akaingia na kiti, anahema, anacheka. Alisema wasogee waone. Alitoa mfukoni kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kimetobolewa katikati na kalamu imepitishwa humo, akakitia kwenye kiganja cha kulia cha Bosi, akaweka karatasi kwenye ubao wa mapajani.

Bosi akabana sponji. Ulimi ukatoka pembeni mwa mdomo. Kalamu ikaruka, ikarudi, ikakwaruza, na polepole ikatoka saba iliyolala ubavu, alama ya kujumlisha, nane yenye kichwa kikubwa, na baada ya jasho jingi, kumi na tano. Mteja akapiga makofi. Mama Bosi hakuwahi kuuona mwandiko wa mwanawe maishani.

"Wiki ijayo wakaguzi wanakuja," msaidizi akasema. "Nataka awaandikie hii hii, mbele yao. Watashangaa."

Mikono ya Mama Bosi ikasimama kwenye kichwa cha mteja. Alimtazama yule binti, aone kama kweli hajui, na akaona kwamba hajui. Alikuwa mgeni kazini na hakuna aliyemweleza. Basi akamweleza yeye, kwa kifupi, kwa sauti ya chini, kile alichosema mwenyekiti kuhusu mtoto akianza kujimudu. Kicheko kikamfifia msaidizi usoni kidogo kidogo. Akauliza, sasa wafanyeje. Mama Bosi akasema hajui. Akasema kituo bado kipo, na mwalimu mkuu bado hataki lawama.

Mteja akajifanya anatazama simu.

Bosi alikuwa amesikia yote. Aliwatazama wanawake wawili waliokuwa wakimwelewa duniani, mmoja baada ya mwingine, kisha akamwuliza mama yake, polepole, akilitoa kila neno liwe neno, asije mtu akasema ni sauti tu.

"Mama. Wakija, niweze au nisiweze?"

Msaidizi aligeukia ukutani. Mama Bosi alilisikia swali, na safari hii hapakuwa na funguo za kutafuta. Alitazama karatasi. Alitamani aseme weza, mwanangu, weza mpaka wazimie. Neno hilo lilifika mpaka mdomoni likakuta mashuka ya kile kituo na watoto waliotazama ukuta.

"Usiweze," alisema.

Bosi akaitikia kwa kichwa, kwa utii kabisa. Akafikiri kidogo. Kisha akavilegeza vidole kimoja kimoja, akauacha mkono uning'inie kando ya kiti, kalamu na sponji yake vikaanguka sakafuni kwenye nywele zilizofumuliwa. Akainamisha kichwa, akaacha mdomo wazi, udenda ukaanza kushuka. Akakaa hivyo kwa muda. Halafu akainua macho.

"Hivi?" akauliza.

"Hivyo hivyo," mama yake akasema, akaokota kalamu, akaipangusa kwa aproni.